Siku Akili Mnemba Ilipomkana Baba Mkwe Wangu

Dereva wa bodaboda aliyenibeba Jumatano ile alifika Tukuyu mjini akiwa bado ananisimulia ugomvi wake na mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimeshashuka zamani, huku juu Isongole, nimelala kifudifudi kwenye shamba la viazi la watu, kanga imenifunika kichwa kizima, nikisubiri baba mkwe wangu apite.

Dereva hakusikia nikiruka. Kwenye kile kilima pikipiki hupanda kwa kulialia, mtu anaweza kushuka, akafunga kamba za viatu na kupanda tena. Nilipomwona mzee anakuja kwa mbele na fimbo yake, miguu yangu iliamua yenyewe. Dereva alifika stendi akasema, "Sista, tumefika," akangoja, akageuka. Alirudi njia nzima akiuliza watu kama wameona mwanamke aliyedondoka.

"Alivaa nini?" wakamuuliza.

"Nitajuaje? Si alikuwa nyuma yangu!"

Kwa asiye wa huku, nieleze. Kwetu Wanyakyusa, kwa mila ya zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani. Si uadui, ni heshima. Ukimwona kwa mbali unaacha njia, unajifunika, unatulia hadi apite. Siku hizi wengi wameiacha, wapo wakamwana wanaogombea rimoti na baba wakwe zao. Lakini mzee wetu ni wa zamani, na mimi siku naolewa niliulizwa kama nitaishika mila hiyo, nikasema nitaishika. Mume wangu ameniambia mara nyingi, "Geuka pembeni tu inatosha, si lazima uruke." Mimi sijui kushika kitu nusu.

Tabia hiyo sikuzaliwa nayo, niliipata. Nilikuwa kidato cha kwanza mama alipofariki, baba alikuwa ametangulia. Niliomba ruhusa ya wiki mbili, nikamzike mama na kuona wadogo zangu watatu watakaa wapi. Wiki mbili zile hazijaisha hadi leo. Wawili wa kwanza wamekua, wana kazi zao. Wa mwisho, binti, nilikuja naye kwenye ndoa. Nilimwambia mchumba wangu kwamba huyu ninakuja naye, na kama haafiki aseme mapema nikapalilie mahindi yangu. Akaafiki. Mzee, kupitia kwa mama mkwe, akatuma neno kwamba mtoto ni baraka na kwamba hapa viazi havijawahi kupungua.

Basi huyo wa mwisho alikuwa kidato cha tatu wakati haya yalipotokea. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kijana kutoka Tanga, amepangiwa kazi huku kwenye ukungu bila kuonywa. Alikuwa akifundisha na glavu mkononi. Darasani chaki ilimponyoka mara nyingi hadi wanafunzi wakazoea kuiokota kwa zamu. Aliwapa kazi: kila mmoja amhoji mzazi au mlezi wake, kisha aandike insha juu ya mila moja ya kwao. Kazi hiyo ilikuwa na alama za kuingia kwenye matokeo ya mwaka.

Mdogo wangu alinihoji jikoni, mimi nikimenya ndizi. Alikuwa na kalamu sikioni kama karani wa mnada.

"Dada, ulianguka au uliruka?"

"Niliruka."

"Kwa mguu gani?"

"Mwalimu wako anataka kujua mguu?"

"Mimi ndiye ninayetaka kujua."

Nikamwambia wa kushoto. Akaandika kurasa nne. Alinisomea, nikacheka mpaka maganda yakaingia kwenye sufuria. Nikamwambia apunguze ile sehemu ya mimi kutema udongo. Akakataa.

Wiki iliyofuata alirudi na barua. Iliandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri wa duara, na mkuu wa shule mwenyewe. Ilisema kwamba insha ya mwanafunzi imebainika kuandikwa na akili mnemba, ile programu ya kwenye simu unayoiuliza swali ikakujibu kama mtu, kwamba kazi itafutwa na mwanafunzi atasimamishwa masomo kwa wiki mbili, na kwamba mlezi afike kesho yake saa nne kwenye kikao, mbele ya mjumbe wa bodi.

Mstari wa insha kufutwa niliupita. Niliposoma "wiki mbili" nilikaa chini.

"Dada, ni wiki mbili tu," mdogo wangu akasema, ananifariji mimi, yeye aliyeshitakiwa. "Nitakusaidia kuchimba viazi."

"Hutachimba hata kimoja."

Nilimuuliza mara moja tu kama ameitumia hiyo akili mnemba. Akaninyooshea simu yetu ya nyumbani, kitochi chenye mpira wa kushikilia betri, akasema, "Kwa hii?" Sikuuliza tena.

Kesho yake nilivaa gauni la kanisani, nikajitanda kanga mbili, tukashuka. Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na meza kubwa ya mbao iliyofunikwa kitambaa kinachofika karibu na sakafu, kabati la vitabu, viti vinne na dirisha lenye nondo. Mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye chai mbele yake. Mwalimu alikaa pembeni na simu yake na rundo la insha lililomfika kidevuni.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Karibu, mama. Tunamsubiri mjumbe, lakini tunaweza kuanza kuelezana. Mwalimu?"

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, na alionekana hajalala vizuri. Alieleza kwamba aliposahihisha insha hizo alikuta nyingi zinaanza vilevile: "Tangu enzi za kale, jamii yetu imejaliwa utajiri mkubwa wa utamaduni." Nusu ya darasa ilikuwa na bibi mmoja, mwenye busara ileile, anayesema maneno yaleyale. Mwanafunzi mmoja alikuwa amenakili mpaka mwisho, kwa mwandiko safi kabisa, "Je, ungependa nikuongezee mifano mingine?"

"Nikaandika pale chini, 'Hapana, asante,'" mwalimu akasema kwa huzuni.

"Na ya huyu?" nikauliza. "Ya huyu ina bibi?"

"Hapana. Hapo ndipo tatizo. Ya huyu haifanani na nyingine yoyote. Ni hadithi kama ya vichekesho. Mwanamke anaruka kutoka kwenye bodaboda inayokwenda, anajichimbia shambani, eti kwa sababu amemwona baba mkwe. Nikaona hii haiwezekani. Nikaipiga picha, nikaiuliza akili mnemba mambo mawili." Akasoma kwenye simu. "La kwanza, kama insha imeandikwa na akili mnemba. Ikajibu kuwa kuna uwezekano mkubwa. La pili, kama jambo hili linaweza kutokea kweli. Ikajibu kwamba mila za kuheshimu wakwe zipo, ila kisa cha kuruka kutoka kwenye pikipiki hakina uhalisia, na huenda mhusika baba mkwe ni wa kubuni."

"Wa kubuni?" nikasema.

"Ndivyo ilivyosema, dada."

"Anakula viazi kila siku, huyo wa kubuni."

Nikatoa kitochi nikakiweka mezani, nikamwambia akiulize nacho kama kimewahi kuandika insha. Mwalimu akasema kwa upole kwamba wanafunzi wana njia nyingi, wanaazima simu kwa watu. Mdogo wangu akafungua mdomo, nikamkanyaga. Nilikuwa nimejiandaa njiani na hotuba, tena ndefu, juu ya wiki mbili na jinsi zinavyoweza kumtafuna mtoto. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuianza.

Ndipo nikasikia kikohozi nje. Kikohozi hicho nakijua kuliko wimbo wa kanisa. Kikafuatiwa na fimbo kwenye sementi: ko, ko, ko.

Barua ilisema mjumbe wa bodi. Haikusema mjumbe yupi, na mmoja wao ni baba mkwe wangu.

Nilitazama dirisha, lina nondo. Nilitazama kabati, limefungwa kwa kufuli. Mlangoni ndiko anakotokea. Nakumbuka mkuu wa shule akiinua kikombe, nakumbuka mdogo wangu akisema, "Dada, usi—", na baada ya hapo nakumbuka giza, harufu ya nta ya sakafu, na viatu viwili vyeusi vya mkuu.

"Mama! Mama, miguu yangu!"

"Samahani, mkuu," nikanong'ona kutoka chini ya meza. "Sogeza kidogo wa kulia."

Mlango ukafunguka. Nilikuwa nimejikunja na kanga zote mbili kichwani, lakini pindo la moja, kama nilivyoambiwa baadaye, lilikuwa limebaki nje linaonekana vizuri kama ulimi. Nikasikia fimbo ikisimama. Nikasikia kiti kikiburutwa, kikageuzwa, na mtu akikaa akiangalia ukuta, mgongo kwa sisi sote.

"Habari za asubuhi, walimu," mzee akauambia ukuta.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akajibu, sauti imepanda kama ya mtoto. "Mzee… kuna nini?"

"Aliye chini ya meza ni mkamwana wangu. Binti, msalimie. Mwambie viazi vya mbegu nimeviona, ni vizuri, ndaga."

Mdogo wangu akainama, akainua kitambaa. "Dada, baba anakusalimu. Anasema viazi vya mbegu ni vizuri, asante."

"Mwambie ahsante sana, na mama mkwe nimemwachia unga."

"Baba, dada anasema ahsante, na unga upo."

"Vyema. Haya, mwalimu. Mtoto ameshitakiwa nini?"

Nilikuwa naona mabuti ya mwalimu, moja limepanda juu ya lingine.

"Ameandika," akaanza, "kwamba dada yake… alipokuona wewe… aliruka kutoka kwenye bodaboda."

Mzee akafikiri.

"Ipi?" akauliza. "Ya Jumatano au ile ya siku ya mnada?"

Meza ilianza kutikisika. Nilidhani ni mimi, kumbe ni mkuu, anacheka bila kutoa sauti, magoti yanagonga mbao juu ya kichwa changu.

"Ya Jumatano," mdogo wangu akasema.

"Ya Jumatano ilikuwa kweli. Nilikuwa nakwenda kunyoa. Niliona pikipiki ina watu wawili, nikapepesa, ina mmoja. Nikageukia upande wa pili nikasimama kidogo nimpe nafasi, lakini hakutoka, nikaenda zangu. Nilifika kwa kinyozi nimechelewa."

"Mzee," mkuu akasema alipoweza kusema, "mashine ya mwalimu imesema wewe ni wa kubuni."

"Mashine imefika Isongole?"

"Hapana."

"Basi haina kosa. Aliyeiuliza habari za mahali isipofika ndiye mwenye kosa."

Nilitamani kutoka nimshike mkono baba mkwe wangu, jambo ambalo lingeharibu kila kitu.

Lakini mkuu alikuwa mwalimu wa siku nyingi, hakukubali kumaliza kwa kicheko. Akasema kweli, kisa kimethibitika, tena kinaendelea miguuni pake. Ila swali la barua lilikuwa lingine: nani aliyeandika? Mtu anaweza kuipa akili mnemba kisa cha kweli ikakiandika yenyewe. Na mashine ilijibu kuwa ni kazi ya akili mnemba.

Hapo tukakwama. Mwalimu akasema hana namna nyingine ya kupima. Nikasikia sauti ya karatasi, na nikaiona barua ya wito ikiwa imeanguka kutoka kwenye kiti changu, iko sakafuni karibu na pua yangu. Nikavuta sketi ya mdogo wangu.

"Mwambie mwalimu aiulize na hii."

Akaichukua, akampa. Mwalimu akasita, akatazama upande wa mkuu, akapiga picha. Tukangoja. Huku mtandao nao una ukungu wake.

"Inasemaje?" mkuu akauliza.

"Mkuu, labda tuache—"

"Soma, mwalimu."

"Inasema… kuna uwezekano mkubwa barua hii imeandikwa na akili mnemba. Lugha yake ni rasmi mno, imepangika, na haina hisia za kibinadamu."

Viatu vyeusi vikasimama wima.

"Haina nini?"

"Hisia, mkuu."

"Nimeiandika kwa mkono wangu! Nimekaa hapa, chai ikapoa, nikaichana ya kwanza nikaandika ya pili! Mwandiko huu nimefundishwa na masista!" Akapiga meza, mimi nikaruka na kujigonga. "Samahani, mama. Iulize tena."

Mwalimu akaiuliza tena, kwa kuiambia kwamba mwandishi anakana. Mashine ikaomba radhi, ikasema huenda barua imeandikwa na binadamu. Akaiuliza mara ya tatu kama ina uhakika, ikaomba radhi tena na kurudi upande wa kwanza.

"Hiyo ina adabu," mzee akauambia ukuta. "Inamkubalia kila anayesema. Shahidi wa namna hiyo barazani kwetu tunampa chai tu, hatumwiti."

Mwalimu akaweka simu kifudifudi juu ya rundo lake. Aliposema tena, alisema taratibu, na nilimheshimu kwa hilo kuanzia siku ile.

"Mkuu, ninaitumia kutunga mazoezi, na hapo inanisaidia sana, maana madarasa yangu ni makubwa. Na huwa nakagua inachotunga. Hii sikukagua. Nilichoka, nikaipa kazi ya kuhukumu mtoto wa watu." Akamgeukia mdogo wangu. "Binti, kaa hapa. Chukua karatasi. Niandikie aya moja, juu ya chochote unachokiona sasa hivi. Mimi ndiye nitakayesoma, si simu."

Nikasikia kalamu ikianza. Pale chini nilikuwa sioni kitu ila miguu ya watu, na niliona miguu ya mdogo wangu imepishana kwenye kifundo, kama alivyokuwa akikaa tangu darasa la kwanza anapoandika. Nilikuwa nimeisahau hotuba yangu yote. Ningeikumbuka ningeisema vipi, na nani angeisikia kutoka kule? Kila kitu kilikuwa kwenye ile kalamu. Niliomba Mungu asimame naye, na kwamba nisipige chafya, maana nta ilikuwa imeanza kunipanda puani.

Mwalimu aliisoma kwa sauti. Ninayo hadi leo, kwa hiyo sikosei:

"Katika ofisi hii wapo watu watano lakini wanaoonekana vizuri ni watatu. Wa nne anaongea na ukuta, na ukuta unamsikiliza kuliko sisi tunavyosikilizwa. Wa tano ni dada yangu, yuko chini ya meza. Aliingia kwa mguu wa kushoto. Alikuja kunitetea lakini tangu aingie humo, habari ndefu aliyoitoa ni ya unga. Mkuu wa shule amekaa kama mtu aliyeweka miguu juu ya kuku wa wageni, anaogopa kumkanyaga na anaogopa atatoka."

Kisha mwalimu akavuta ile insha kutoka kwenye rundo, akaifungua ukurasa wa kwanza, akaweka karatasi mbili kando kwa kando, akaanza kucheka, kicheko cha Tanga, cha wazi, cha mtu ambaye hakuwa amecheka tangu apangiwe baridi. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye yuleyule. Ningesoma hizi kurasa nne kwa utulivu ningejua."

"Kuku wa wageni," mkuu akasema. "Mimi?" Lakini akaichukua barua ya wito, akaichana mara mbili. Hakuna kusimamishwa. Wiki mbili zile zilidondoka sakafuni vipande vipande, na mimi nikavikusanya vyote, nikavifunga kwenye pindo la kanga.

Tatizo lililobaki ni kwamba nisingeweza kutoka kabla ya mzee, na mzee alikaribishwa chai. Alikunywa vikombe viwili. Alieleza habari za mbolea. Nilipotoka chini ya meza ile sikuwa na miguu, nilishikwa na mwalimu upande huu na mkuu upande ule kama bibi harusi.

Mwalimu hakuacha simu yake. Alichofanya, kwa maelezo ya mdogo wangu, ni kuileta mbele ya darasa. Anawasomea ilichoandika, anawaambia waziwazi kwamba hii ni yake, kisha darasa linatafuta ilipokosea. Siku ya kwanza ilisema wakulima wa Rungwe huiomba mvua ije. Darasa zima likaangua kicheko, maana huku tunaiomba ipumzike. Na insha za mila sasa mtu anaandika darasani, kisha anasimama na kujibu maswali ya wenzake. Nasikia yule mwenye "Je, ungependa nikuongezee mifano" alirudia kazi yake akaandika juu ya ngoma, na ilikuwa nzuri.

Insha ya mdogo wangu ilirudi siku ya Ijumaa. Alikuja nayo mbio kwenye matope, akaitupa mezani.

"Sitini na moja! Dada, sitini na moja!"

"Si umefaulu?"

"Aliyenakili mwanzoni mwalimu alikuwa amempa sabini na nane kabla hajagundua! Mimi nimeandika mwenyewe, nimepata sitini na moja!"

Nikaifungua. Kurasa zote nne zilikuwa zimejaa wino mwekundu. Kila mahali mwalimu alikuwa amesimama, ameuliza, amekata, amerekebisha. "Hapa umekimbia." "Hapa eleza shamba lilikuwaje." Pale kwenye kutema udongo alikuwa ameandika tu, "Ha!" Aya ya mwisho ilikuwa imelegea, akaandika kwamba imelegea. Na ilikuwa imelegea kweli, mimi mwenyewe niliona siku ile jikoni nikanyamaza.

"Nikakate rufaa?" akauliza.

"Kwa nani? Kwa simu?"

Akanuna. Nikamsogezea ndizi amenye. Akamenya mbili, kisha akaivuta insha, akatoa kalamu sikioni, akaanza kuiandika upya ile aya ya mwisho, miguu imepishana kwenye kifundo, na mimi nikamenya zilizobaki peke yangu bila kumwambia neno.